Mnauliza, Anko anajibu: Kura wakati wa vita

Wadau wangu poleni na baridi, huku Arusha asubuhi mtu unatoka na koti na skafu utadhani unapanda mlima. Wiki hii barua zenu zimefanana, wengi mnafuatilia vita za watu na uchaguzi wa watu, Ukraine, Kongo, Marekani, mnakesha na simu afu asubuhi mnakuja kuniuliza mimi. Nimechukua zile ambazo nina cha kusema. Wale mlioniandikia kuhusu Oktoba 2025 ya hapa kwetu, barua ninazo na nimezisoma zote, ila leo naongelea nchi zilizo vitani na sisi hatukuwa vitani, kwahiyo siwezi kuzitia humu.

Anko shikamoo. Kijiweni kwetu hapa Sakina kila jioni ugomvi ni mmoja. Kuna jamaa anasema Zelensky, rais wa Ukraine, ni dikteta, muda wake uliisha na uchaguzi hataki. Mwingine anasema nchi ikiwa vitani hakuna kupiga kura, popote duniani. Tumewekeana kreti ya soda. Nani kashinda?
*Chalii wa Sakina, Arusha*

Marahaba chalii. Kreti mnywe wote maana kila mmoja kapata nusu.

Huyo wa "popote duniani" mwambie Marekani walipiga kura Novemba 1864 katikati ya vita vyao wenyewe kwa wenyewe. Rais Lincoln alikuwa anashindana na McClellan, jenerali ambaye yeye mwenyewe alimwondoa kwenye uongozi wa jeshi, na wanajeshi wa majimbo mengi walipigia kura kambini huko huko walikokuwa wanapigana. Agosti ile Lincoln alishaandika kabisa kwenye karatasi kwamba inaonekana atashindwa, akawasainisha mawaziri wake bila kuwaonyesha kilichoandikwa ndani. Septemba jeshi lake likaiteka Atlanta, upepo ukageuka, akapata kura 212 za wajumbe wa majimbo dhidi ya 21. Ila majimbo ya kusini yaliyojitenga hayakuwemo, kwahiyo hata huo ulikuwa uchaguzi wa upande mmoja wa nchi.

Sasa twende kwa huyu wa dikteta. Zelensky alichaguliwa 2019, miaka yake mitano iliisha 20 Mei 2024, na uchaguzi wa rais ulitakiwa ufanyike Machi 2024. Hapo jamaa yako yuko sahihi kwa tarehe. Anachokiruka ni kwamba sheria ya Ukraine ya hali ya kijeshi inakataza uchaguzi muda wote hali hiyo ikiwepo, na sheria hiyo ilikuwepo kabla Urusi haijavamia tarehe 24 Februari 2022, hakuitunga juzi ili abaki. Na hiyo hali ya kijeshi haijiongezi yenyewe, inarudi bungeni kila baada ya kama siku 90 wabunge wanapiga kura upya. Trump alipomuita dikteta Februari 2025, bunge lao lilipiga kura kuthibitisha kwamba ni rais halali, na cha kufurahisha siku ya kwanza kura hazikutosha, ikabidi warudie kesho yake ndo ikapita. Sasa bunge la dikteta gani hilo linalomwangusha mtu wake siku ya kwanza?

Ongeza na hili, mamilioni ya wapiga kura wako nje ya nchi kama wakimbizi, kama sehemu moja ya tano ya ardhi iko mikononi mwa Urusi, wengine wako kwenye mahandaki. Unampeleka wakala wa chama kituo gani?

Uingereza nao waliahirisha na hakuna anayemuita Churchill, waziri mkuu wao wa wakati wa vita, dikteta. Bunge lao lilichaguliwa Novemba 1935, lilitakiwa liishe 1940, wakawa wanaliongezea mwaka mmoja mmoja kwa sheria. Ujerumani ilipoanguka Mei 1945 wakaenda kupiga kura 5 Julai, na masanduku yakafungwa yakakaa wiki tatu nzima bila kuhesabiwa wakisubiri kura za wanajeshi waliokuwa ng'ambo. Matokeo 26 Julai: Churchill chini, Attlee juu, chama chake cha Labour viti 393. Mtu kashinda vita kashindwa kura, ndani ya miezi mitatu.

Na chalii, kabla hamjafika Kyiv, someni Katiba yetu ibara ya 42 ibara ndogo ya 4. Inasema kama Jamhuri ya Muungano inapigana vita na adui na Rais akaona haiwezekani kufanya uchaguzi, Bunge laweza kuongeza muda wa ile miaka mitano, lakini kila azimio lisizidi miezi sita. Wengi hawajawahi kuiona hiyo, na imo humo siku zote.

Kwahiyo mi nikisikia nchi imeahirisha uchaguzi sababu ya vita, sianzi na dikteta au sio dikteta. Naanza na maswali mawili: mpaka lini, na nani kaamua. Ukraine ni siku 90, bunge. Uingereza mwaka mmoja, bunge. Sisi miezi sita, Bunge. Sasa mwulize jirani yetu Sudan Kusini, ambaye ni mwanachama wa Jumuiya yenye makao makuu hapa hapa Arusha. Uhuru 2011, uchaguzi mkuu ukasogezwa, ukasogezwa, Septemba 2024 ukasogezwa tena mpaka Desemba 2026, na wanaokaa kuamua kusogeza ni wale wale walioko ofisini. Hapo ndo kelele zenu za kijiweni mngezipeleka.

Kuna na upande ambao watu wanausahau, wakati mwingine kuahirisha ndo kunaleta vita. Ethiopia uchaguzi wa 2020 ulisogezwa sababu ya korona, Tigray wakakataa wakafanya wa kwao Septemba 2020, Addis Ababa ikasema ni batili, na Novemba hiyo hiyo vita ikawaka. Sehemu nyingine za Ethiopia zilipokuja kupiga kura Juni 2021, Tigray hakukuwa na kituo hata kimoja.

Anko habari ya kazi. Mimi nauza mitumba Kiboriloni lakini ni mzaliwa wa Butembo, nimeolewa huku. Mwaka 2018 ndugu zangu hawakupiga kura, 2023 shemeji zangu wa Rutshuru nao hawakupiga. Nikiongea siasa ya kwetu sokoni watu wananicheka, wanasema nyie Wakongo kura mnaisikia redioni. Inaniuma. Nauliza tu, mtu anafanya siasa gani sehemu kama ile?
*Mama wa Kiboriloni, Moshi*

Dada pole, na hao wanaokucheka nitawapa kitu cha kusoma.

Desemba 2018, siku chache tu kabla ya kura, tume ya uchaguzi ya Kongo ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi watapiga kura Machi 2019. Sababu kwa Beni na Butembo: Ebola na usalama. Sasa angalia, Machi 2019 wakati rais mpya anaapishwa Januari 24. Yaani wapiga kura zaidi ya milioni moja wanaambiwa njooni mpige kura ya rais ambaye atakuwa ameshakaa ikulu miezi miwili! Mpaka lini, na nani kaamua, majibu yake hapo yanatia hasira.

Watu wa Beni walifanyaje? Tarehe 30 Desemba, siku ile ile nchi nzima inapiga kura, wakaamka wakapanga foleni zao wenyewe, wakaandaa karatasi zao wenyewe, wakaweka ndoo za maji ya kunawa mlangoni, kila mtu ananawa mikono ndo anaingia kupiga kura. Maelfu ya watu. Walijua kabisa hazitahesabiwa, kura ile haikuwa na nguvu yoyote kisheria. Lakini hoja ya "hamuwezi kukusanyika sababu ya Ebola" ilijibiwa na ndoo ya maji, mbele ya kamera, na masoko na makanisa yalikuwa wazi siku zote hizo. Mi sijawahi kuona kampeni iliyojibu serikali vizuri kuliko ile, na haikuwa na mgombea.

Hiyo 2023 uliyoisema ni kweli, Masisi na Rutshuru kule Kivu Kaskazini na Kwamouth kule Mai-Ndombe hazikupiga kura tarehe 20 Desemba sababu ya vita. Watu waliokuwa wamekimbilia makambini nje ya Goma walikuwa wanasikia spika za kampeni za Tshisekedi na Katumbi, wagombea urais wa nchi yao, huku vijiji vyao havimo kwenye orodha. Mwaka mmoja na ushee baadaye, mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 wakaingia Goma yenyewe.

Sasa swali lako, siasa gani. Nenda kaangalie LUCHA, vijana walioanzia Goma 2012. Hawajaanza na nani awe rais, walianza na maji, barabara, ajira, yaani mbona tumekaa pembeni ya ziwa kubwa vile na bomba ni kavu. Hawana mwenyekiti wa maisha, hawabebi silaha, wanakaa chini barabarani na mabango. Na wamelipia. Tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya magavana wa kijeshi, wenyewe huko mnaiita "état de siège", na kuandamana kuipinga ikawa kesi, wanaharakati wa LUCHA waliokamatwa Beni walifungwa mwaka mmoja hukumu ya 2022. Ilitangazwa kwa siku 30. Siku thelathini dada! Ikawa inaongezwa wiki mbili mbili, miaka ikapita. Ndo maana nasema swali la "mpaka lini" halitoshi kuulizwa mara moja, unauliza kila wanapoongeza.

Kuna na kazi nyingine ya kimyakimya. 2018 Kanisa Katoliki Kongo lilipeleka waangalizi kama 40,000 vituoni, watu wa parokia tu, walimu, wakatekista, wameshika daftari na simu, wananakili matokeo yaliyobandikwa ukutani kituoni. Kanisa likasema matokeo ya tume hayafanani na tuliyokusanya. Halikubadilisha aliyeapishwa, najua utaniambia hivyo. Lakini leo hakuna anayeweza kusimama akasema hatukujua.

Anko mambo. Niko mwaka wa pili chuo hapa Moshi. Mwalimu alitaja Howard Dean kwenye somo la harakati za wananchi akapita haraka, nimegugo naona video ya jamaa anapiga ukelele jukwaani. Ndo huyo? Na pia kuna link nimetumiwa ya kuchangia kampeni ya Marekani, hata dola tano wanapokea. Nichangie?
*Mwanachuo, Moshi*

Poa dogo. Nianze na pesa: usichangie. Sheria ya Marekani inakataza raia wa nje kuchangia uchaguzi wao, awe wa rais au wa diwani, isipokuwa wale wenye kibali cha ukaazi wa kudumu. Kwahiyo kampeni halali haiwezi kukutafuta wewe Moshi ikuombe dola tano, na kama inakutafuta jua ni tapeli tu anataka namba za kadi.

Ndo huyo, ndiyo. Dean ni daktari, alikuwa gavana wa Vermont, kajimbo kadogo, akaomba chama chake kimsimamishe kugombea urais 2004. Marekani iliingia Iraq Machi 2003, na wakubwa wengi wa chama chake cha Democrat wakiwemo John Kerry na John Edwards walikuwa wameshapiga kura Oktoba 2002 kumruhusu Bush. Sasa mwananchi wa chama kile aliyekuwa anaipinga vita akigeuka huku na huku haoni mtu wa kumsemea. Dean akasema vita hii sio. Watu wakamfuata kabla hata yeye hajajipanga kuwapokea, kulikuwa na tovuti inaitwa Meetup wakawa wanakutana Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwenye migahawa, kwenye maktaba, watu ambao hawajuani, wamekaa wanaandika barua kwa mkono kwenda kwa wapiga kura wa Iowa, jimbo lililokuwa linaanza kupiga kura ya kumchagua mgombea wa chama. Kwa kalamu, dogo, enzi za intaneti. Robo ya tatu ya 2003 pekee alikusanya karibu dola milioni 15, nyingi ni vipesa vidogo vidogo, chama kizima kikashtuka.

Afu ikaja Iowa yenyewe, 19 Januari 2004, akawa wa tatu. Kerry 38 kwa mia, Edwards 32, yeye 18. Kwanini? Hapa ndo mwalimu wako angekaa kidogo. Kampeni ilileta maelfu ya vijana wa kujitolea kutoka majimbo mengine, wakavalishwa kofia za rangi ya chungwa, wakaenda kugonga milango kwenye baridi ile ya theluji. Sasa fikiria wewe ni mkulima wa Iowa umetulia kwako, anakugongea kijana wa mjini na kofia ya machungwa anakueleza habari za nchi yako. Na kura ya Iowa ya Democrat haikuwa ya siri, mnakutana ukumbi wa shule jioni, wa Kerry wanasimama kona ile, wa Dean kona hii, jirani yako anakuona. Kwenye ukumbi wa aina hiyo anayekuhamisha kona ni jirani yako, yule mliyesaidiana gari lilipokwama, mgeni hana nafasi. Hapa kwetu yeyote aliyewahi kugombea hata uenyekiti wa mtaa analijua hili bila kwenda chuo, ukimkosa balozi wa nyumba kumi na mama wa kikoba mabango yako yote ni ya kufunikia maharage.

Ule ukelele aliupiga usiku ule ule baada ya matokeo, anawatia moyo vijana wake. Televisheni zikaurudia mpaka watu wakaamini ndo uliomwangusha. Alishaanguka tayari, angalia saa.

Aliyefaidi ni mwingine. Dean akawa mwenyekiti wa chama 2005, akasisitiza kupeleka watumishi wa chama majimbo yote 50 hata yale ya kushindwa kila mwaka, na 2008 Obama, ambaye naye alikuwa ameipinga vita ya Iraq tangu Oktoba 2002, akashinda Iowa kwa michango midogo na watu waliokaa kule miezi wakijuana na wenyeji. Bush mwenyewe 2004 alirudi, kura za wajumbe 286 kwa 251 za Kerry, kwahiyo usije ukaandika kwenye mtihani kwamba vita mbaya lazima imwondoe aliyeianzisha.

Ndugu Mhariri, mimi ni mstaafu, naishi Soweto hapa Moshi. Vijana wanajua vita za Ulaya, hakuna anayekumbuka kwamba serikali ya Uganda ilipangwa katika mji huu Machi 1979, mizinga ikiwa inalia. Naomba uwaeleze. Na uwaeleze kwa nini haikudumu.
*Mstaafu, Soweto, Moshi*

Mzee wangu shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nashukuru umeniandikia kwa kalamu.

Vijana, iko hivi. Amin aliingiza jeshi Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, wakavunja daraja la Kyaka, Mwalimu akatangaza vita Novemba. Kufika Machi 1979 jeshi letu liko ndani kabisa ya Uganda, Masaka imeshatekwa, na sasa kuna tatizo ambalo bunduki haiwezi kulitatua: tukifika Kampala tunamkabidhi nani? Ukiingia na bendera yako wewe umekuwa mvamizi. Ndo wakaitwa Waganda wa uhamishoni, kutoka Nairobi, Dar, Lusaka, London, maprofesa, wanasheria, wanajeshi wa zamani, vikundi zaidi ya 20, wakakutana hapa Moshi tarehe 24 mpaka 26 Machi.

Na ugomvi wa kwanza haukuwa sera. Ulikuwa nani aingie ukumbini! Maana kuna kikundi kina jeshi lake la msituni na kuna kikundi ni watu wachache na mhuri. Nani mjumbe, nani mtazamaji, nani kajituma mwenyewe. Obote, yule rais aliyepinduliwa na Amin, hakuwepo, alibaki Dar, watu wake ndo waliokuja. Mwisho wakaunda chama kimoja cha mwavuli, UNLF, mwenyekiti Yusuf Lule aliyewahi kuwa mkuu wa Makerere, wakaweka na baraza la mashauriano la kumchunga, na kamati ya kijeshi. Kampala ikaanguka 11 Aprili, tarehe 13 Lule kaapishwa.

Siku 68 tu, mzee. Tarehe 20 Juni lile baraza likamwondoa, kisa aliteua mawaziri bila kuwauliza, yeye anasema rais ndo mwenye kuteua, wao wanasema Moshi hatukukubaliana hivyo. Kila upande una Moshi yake. Akaja Binaisa, Mei 1980 ile kamati ya kijeshi chini ya Muwanga ikamwondoa naye. Uchaguzi Desemba 1980, na katikati ya kuhesabu Muwanga akatangaza kwamba matokeo atayatoa yeye mwenyewe, sio mtu mwingine. Obote akatangazwa mshindi. Februari 1981 Museveni, ambaye alikuwemo humo humo Moshi na baadaye akagombea, akaenda msituni, akatoka huko Januari 1986 na hajatoka ikulu.

Umeuliza kwanini haikudumu. Mi naona walikuwa na haraka, na haraka yenyewe ilikuwa ya haki maana jeshi lilikuwa njiani, wakakubaliana nani aongoze bila kumaliza nani ana neno la mwisho akikosana na wenzie. Kuna wanaoulaumu mkono wa Dar es Salaam, na hoja hiyo ina uzito wake, huwezi kuwa mwenyeji wa mkutano na mwenye jeshi afu ukasema huna upande. Sisi wenyewe huku kalenda haikuguswa, tulipiga kura Oktoba 1980 kama ilivyopangwa, vita ilikuwa imeshaisha mwaka mmoja nyuma.

Habari Anko. Kaka yangu anasema kuikosoa serikali wakati nchi iko vitani ni usaliti, subirini vita iishe. Mimi naona kuna kitu hakikai sawa ila nakosa maneno.
*Binti wa Njiro, Arusha*

Nakupa maneno ya watu wawili tofauti.

Kyiv, tarehe 22 Julai 2025, bunge linapitisha sheria ya kuziweka taasisi mbili za kupambana na rushwa chini ya mwendesha mashtaka mkuu wa serikali, yaani kama TAKUKURU ipokee amri kwa yule ambaye inatakiwa kumchunguza. Zelensky akasaini siku hiyo hiyo. Jioni vijana wakajaa karibu na ofisi yake pale kwenye ukumbi wa maigizo wa Ivan Franko, kila mmoja na kipande cha boksi amekiandika kwa maka, wengine wana kaka zao mstari wa mbele. Kisheria mikusanyiko wakati wa hali ya kijeshi ina vikwazo. Walikuja, wakapiga kelele, wakaondoka kabla ya saa sita usiku sababu ya amri ya kutotoka nje, kesho wakarudi. Tarehe 31 Julai bunge likapitisha sheria nyingine ya kurudisha uhuru wa taasisi zile. Hawakutaka serikali ianguke, walisema wazi tunataka nchi ishinde vita na pesa za drone zisiliwe. Mwambie kaka akuonyeshe msaliti ni yupi hapo.

Wa pili ni Waingereza tena. Vyama vikubwa vilikubaliana wakati wa vita kwamba kiti kikibaki wazi, chama kilichokuwa nacho ndo kinaweka mtu, wengine hawagombei. Sasa 1942 wakatokea watu wakaunda chama kidogo, Common Wealth, wakasema sisi hatukuwepo kwenye makubaliano hayo. Wakagombea. Wakachukua viti vya Eddisbury 1943, Skipton 1944, Chelmsford 1945, vita ikiendelea. Hakuna aliyewafunga, na vita hawakuipunguzia kitu.

Hapo kaka ana nusu ya hoja, kuna mambo kweli hayasemwi vitani, mfano jeshi liko wapi na linaenda wapi. Hayo acha. Rushwa ya buti za askari sio siri ya jeshi.

Anko, grupu letu la familia lina shangazi anatuma video za vita na za wagombea usiku kucha. Nitajuaje ya kweli?
*Msomaji, Mianzini*

Kwa kifupi. Video za ndege za kivita zinazotunguliwa usiku, baadhi zinatoka kwenye gemu la kompyuta linaitwa Arma 3, mpaka wenye gemu wamelazimika kutoa maelezo ya jinsi ya kuzitambua, maana zilitumwa kama Ukraine, afu kama Gaza. Ukiona picha inatikisika sana, ni giza, na hakuna binadamu hata mmoja anayeonekana usoni, tulia.

Za viongozi, angalia shingo na sikiliza sauti. Machi 2022 ilirushwa video ya Zelensky anawaambia askari wake waweke silaha chini, wadukuzi walifika mpaka kwenye tovuti ya televisheni ya huko. Kichwa kilikuwa hakiendani na mwili, shingo imeganda, sauti nzito kuliko yake. Yeye akatoka akajirekodi mwenyewe kukanusha, ikafa. Ila hiyo ni ya 2022, za sasa hivi shingo zao ziko sawa kabisa, kwahiyo jicho pekee halitoshi, tafuta kama chombo kingine unachokiamini kimeitangaza habari hiyo hiyo, na kama ni maneno makubwa ya mgombea siku mbili kabla ya kura na hakuna mwingine aliyeyasikia, usitume.

Kuhusu shangazi, usimrekebishe mbele ya grupu, watoto wa dada zake wote wamo humo. Mfuate inbox, mwanzie na shikamoo.